Dhamana Ikiisha, Lipia Swali Kwanza

Leo mazungumzo yetu ni ya gari ambalo dhamana yake imekwisha, siku linapogoma njiani na ukatajiwa bei ya kukukosesha usingizi.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa nakwenda Iringa na mdogo wangu wa kiume, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, tukapita Chalinze, Morogoro na Mikumi, na mchana ukatukuta Ruaha Mbuyuni tukinunua vitunguu. Anayeijua barabara ile anajua kinachofuata: mlima Kitonga. Barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, upande huu ukuta wa mwamba, upande ule korongo, na mbele yako lori lenye tela linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Mdogo wangu akasema, "Dada, gari linachemsha." Nikamjibu, "Jikaze tufike juu, hapa hapasimamiki." Akajikaza, tukafika juu. Lakini zile kilomita chache za kujikaza ndizo zilizoniponza, na nitakueleza kwa nini.

Tulipofika Ilula, fundi mmoja kijana alisubiri injini ipoe. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akaninyooshea bila kusema neno. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na povu limeganda kwenye ncha. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Aliyewahi kuiona rangi ile kwenye gari lake haisahau.

Gari lile tulilinunua jipya, kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo. Lilikuja na dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000, kimoja kikitangulia kufika basi dhamana imekwisha. Siku ile lilikuwa limetembea kilomita 71,000 tu. Ila miaka mitatu ilikuwa imetimia wiki sita nyuma.

Likapakiwa juu ya gari la kubebea magari, likarudishwa Dar es Salaam, kwenye karakana ya wale walioniuzia. Kijana wa mapokezi alinipokea kwa adabu kabisa. Akaandika, akabonyeza kompyuta yake, akaniambia, "Mama, dhamana yako imekwisha. Na injini imenoki, inabadilishwa nzima." Akanipa karatasi: shilingi 9,600,000.

Nikamuuliza, "Mwanangu, imenoki kwa sababu gani?"

"Ilichemsha, mama."

"Na ilichemsha kwa sababu gani?"

Akaangalia kompyuta. Akasema hilo litajulikana injini ikishafunguliwa, na kufungua kuna gharama yake peke yake.

Msikilizaji, naomba tutulie hapo kidogo. Nimelala na mazungumzo yale usiku mwingi, na nimeona kwamba siri yote ya jambo hili imo ndani yake. Karatasi ya shilingi milioni tisa na laki sita ilikuwa tayari imechapwa, na swali la "kwa nini" lilikuwa bado halijajibiwa. Nilikuwa naombwa kulipia jibu la swali ambalo wao hawakuwa wameliuliza.

Dhamana inapoisha, wengi wetu tunafikiri tumepoteza spea za bure. Ni kweli, tumezipoteza. Lakini kuna kikubwa zaidi kinachoondoka. Wakati wa dhamana, gari likiharibika ni juu ya kampuni kutafuta chanzo, kwa sababu fedha ni zake. Isipopata chanzo leo, gari litarudi kesho na italipa tena. Kwa hiyo inatafuta. Siku dhamana inapokwisha, yule mtu wa kuuliza "kwa nini" kwa gharama yake mwenyewe anaondoka. Na kama wewe hukai kwenye kiti chake, kiti kinabaki kitupu, na anayekaa kwenye kiti kitupu ni bahati nasibu.

Sasa usiseme, "Hayo ni ya wenye magari mapya, mimi langu ni la mtumba." Ndugu yangu, wewe ndiye ninayezungumza naye hasa. Hebu tufuate gari lako kule lilikotoka. Japani, gari jipya kwa kawaida hupewa dhamana ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, na dhamana maalumu ya miaka 5 au kilomita 100,000 kwa viungo vikubwa kama injini na gia boksi. Mwenye gari kule hulipeleka ukaguzi wa lazima wa serikali likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi una gharama. Gari likishazunguka kwenye ukaguzi kadhaa, wengi huona afadhali waliuze. Linapandishwa meli, linateremka bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Kenya hawaruhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8; Uganda tangu 2018 mpaka wao ni miaka 15. Hesabu mwenyewe: hata lile la miaka 7, ambalo sisi tunaliita la juzi, dhamana yake ndefu kabisa ilikwisha kabla halijaonja maji ya chumvi. Kwa hiyo wengi mno katika ukanda wetu huu tunaendesha magari yaliyokwisha dhamana. Ndiyo maisha yetu ya kila siku, na ni lazima tuyajulie.

Nirudi kwenye gari langu. Sikutia saini karatasi ile. Nililitoa gari pale, nikampelekea fundi mmoja mzee maeneo ya Gerezani, hapohapo Dar es Salaam, ambaye marehemu baba yangu alikuwa akimwamini. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na fundi maishani mwangu. Alisema, "Mama, unataka nikutengenezee, au unataka nikwambie linaumwa nini? Hizo ni kazi mbili."

Nikasema, "Nianze kwa kuambiwa, mzee."

"Basi hiyo nayo ina bei yake. Elfu themanini. Ukishajua, unaweza kutengeneza kwangu, unaweza kwenda kwingine. Karatasi nitakuandikia."

Nikalipa, nikavuta kigoda nikakaa. Nilichokiona asubuhi ile nataka ukione na wewe.

Kwanza hakushika spana. Alichukua tochi akachungulia chini ya ile pampu inayosukuma maji ya injini, mafundi wanaiita wota pampu. Pampu ile ina kitundu kidogo kwa chini, kimewekwa makusudi na waliolitengeneza gari, ili sili ya ndani ikianza kuchoka maji yatokee pale mwenye gari ayaone mapema. Chini ya kitundu kile palikuwa na mchirizi mkavu, ukoko wa kijani kama chumvi iliyokauka kwenye mwamba wa pwani. Mzee akaukwangua kwa ukucha akaniambia, "Huu si wa wiki hii. Huu una miezi."

Akafunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo, mshale ukapanda kisha ukaanza kushuka taratibu, na pale kwenye kitundu pakachomoza tone. Hapo ndipo alipoanza kufungua. Alipoitoa silinda hedi akaisafisha uso wake mpaka ukang'aa, akaweka juu yake rula ya chuma iliyonyooka, akajaribu kupenyeza chini yake vibati vyembamba vya kupimia, kimoja baada ya kingine. Kando kando havikupita. Katikati, kibati cha milimita 0.10 kikapita. Unene wa unywele, msikilizaji. Hedi ilikuwa imepinda kwa unene wa unywele, na hiyo ilitosha gasketi ishindwe kuziba, maji yakapata njia ya kwenda kwenye oili.

Nikamuuliza unywele huo umetoka wapi. Akanieleza hivi: hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka kupita chuma. Maji yakipungua, joto linakosa wa kulibeba, hedi inatanuka huku imebanwa na bolti, mwisho inapinda. "Ungesimama mshale ulipoanza kupanda," alisema, "leo ungebadilisha pampu peke yake. Mkajikaza, ndiyo maana unabadilisha gasketi na hedi inakwenda kusawazishwa kwa mashine. Mngejikaza mpaka Iringa mjini, hapo yule kijana angekuwa amesema kweli, injini ingekuwa imekwenda."

Haya, weka akilini, hasa wewe uliye safarini sasa hivi. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho hata kama mtatoka jasho, maana hita nayo hupunguza joto la injini. Washa taa za dharura, na penye nafasi ya kwanza salama, simama uzime. Na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Mfuniko ule unabana mvuke ndani ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Ukiufungua, yanachemka palepale na kukurukia usoni. Watu wameungua vibaya kwa haraka ya dakika mbili.

Kisha mzee akafungua na chini ya injini, akatazama beringi, zikawa nzima. Injini haikuwa imenoki. Akaniandikia karatasi yenye chanzo, vipimo, na orodha ya vinavyohitajika: wota pampu, gasketi, kusawazisha hedi, themostati, oili ya kuoshea na ya kuendeshea, kulanti ya rejeta, na ufundi. Jumla shilingi 1,480,000.

Kutoka 9,600,000 mpaka 1,480,000. Tofauti ile ilinunuliwa kwa elfu themanini na asubuhi moja ya kukaa kwenye kigoda.

Nisieleweke vibaya. Sisemi gereji za mtaani ni bora kuliko karakana za kampuni, wala sisemi yule kijana wa mapokezi ni mwizi. Ninavyoona mimi, tatizo liko kwetu wenye magari pia. Tukifika gereji tunauliza, "Spea bei gani? Na ufundi?" Tunabishana na fundi kwenye ufundi mpaka elfu tano ya mwisho. Tunamlipa kwa kufungua na kufunga, hatumlipi kwa kufikiri. Fundi akitumia saa tatu kutafuta waya uliokatika, akaupata, akaunga kwa dakika tano, tunampa elfu kumi na kunung'unika: "Waya tu!" Lakini akibadilisha kompyuta nzima ya gari, hata kama haikuwa mbovu, tunalipa laki nane bila kusema, kwa sababu tumeona kitu kipya mkononi. Sasa fundi huyu, mwenye watoto wanaosoma, ana sababu gani ya kutafuta waya? Sisi wenyewe tumemfundisha kubadilisha badala ya kupima.

Nikupe mfano. Dada mmoja jirani yangu ana gari dogo la mtumba, lile lenye gia boksi ya CVT, ambayo ndani yake haina gia za meno za kupanda na kushuka, ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Likaanza kusitasita kila akitoka kwenye foleni. Fundi wa kwanza: badilisha gia boksi, milioni mbili na nusu. Wa pili: badilisha gia boksi, lakini kwangu milioni mbili. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tafuta wa kukwambia kwa nini." Wa tatu alimtoza elfu hamsini, akaunganisha mashine kwenye kompyuta ya gari, akachomoa oili ya gia boksi akaitazama. Ilikuwa oili ya gia boksi za kawaida. Aliyefanya sevisi ya mwisho hakujua kwamba CVT ina oili yake maalumu, na oili nyingine inaufanya ule mkanda uteleze mpaka uharibike. Aliuwahi kabla haujaharibika. Oili sahihi na chujio, laki tatu na nusu. Mpaka leo gari linatembea.

Na hiyo themostati niliyoitaja. Mafundi wetu wengi wakiona gari linachemsha, wanaitoa na kuitupa, wanasema sisi ni nchi ya joto, haihitajiki. Jamani, tuache. Themostati ndiyo inayoiambia injini ipate moto kiasi gani. Bila hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, inakula mafuta zaidi, na lile tatizo lililoifanya ichemshe bado liko palepale, limefichwa tu. Hata maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti ni vivyo hivyo: leo umeokoa elfu ishirini, kesho kutu imeziba njia za maji.

Sasa nije kwenye daftari. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeusikia msemo huo tangu nikiwa mtoto, nikidhani ni wa wenye maduka. Gari ndilo lililonifundisha maana yake.

Usiku ule baada ya Gerezani nilitoa kijitabu cha sevisi kutoka kwenye droo ya gari. Sevisi zote nilikuwa nimezifanya kwao, kwa kilomita zilezile walizoagiza, na kila moja ina mhuri. Nikapitia ukurasa kwa ukurasa. Kwenye sevisi ya kilomita 64,000, miezi minne kabla ya dhamana kwisha, fundi wao alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Kulanti imepungua, imeongezwa nusu lita."

Nikausoma mstari ule mara tatu. Kulanti haipungui yenyewe. Mfumo wake umefungwa. Ikipungua kuna inakotokea. Wao waliona, wakaongeza, wakanirudishia gari. Ugonjwa ulianza ndani ya dhamana, na aliyeuandika ni wao wenyewe.

Sikwenda pale kugombana. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja. Nikataja tarehe, kilomita, mstari ule, na vipimo vya mzee, nikaambatisha nakala na picha ya ule ukoko wa kijani. Mwisho nikaandika ninachoomba: kampuni igharimie matengenezo, kwa sababu kasoro ilionekana wakati wa dhamana. Baada ya siku tisa wakaniita. Meneja alikuwa na nakala ya kile kijitabu mezani, imefunguliwa kwenye ukurasa uleule. Tulizungumza nusu saa. Walikubali kutoa spea zote, mimi nikalipia ufundi, shilingi 520,000. Wao waliita hisani. Mimi sikubishana na neno hilo. Nilishukuru, na nilijua kwamba bila mstari ule wa kalamu ya bluu hisani isingekuwepo.

Kwa hiyo, ewe uliyenunua jipya, au unayefikiria kununua, miezi miwili kabla dhamana haijaisha lipeleke gari likaguliwe kuanzia juu mpaka chini, na kila unachokihisi, mlio, mtikisiko, tone sakafuni, dai kiandikwe. Kilichoandikwa ndani ya muda kina nguvu hata muda ukipita. Wakikukatalia bila sababu, pana mahali pa kwenda. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inamdai muuzaji bidhaa inayofaa kwa kazi iliyonunuliwa, na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji. Lakini popote utakapokwenda, swali la kwanza utakaloulizwa ni: una karatasi gani?

Wenye mtumba, nanyi mna jambo moja lisiloisha na dhamana. Mtengenezaji anapogundua kasoro ya usalama kwenye magari yake, huyaita yarudi na kuyarekebisha bure, hata kama dhamana ilikwisha zamani. Mfano mkubwa kuliko yote ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Kilichokuwa kikiijaza gesi mifuko ile ni kemikali ya amoniamu naitreti, na joto pamoja na unyevunyevu vikiichakaza kwa miaka mingi, kasha la chuma huweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Magari ya kampuni nyingi, na mamilioni kwa mamilioni duniani, yaliitwa kwa ajili hiyo. Joto na unyevunyevu! Ni hali ya hewa ya Tanga, ya Dar es Salaam, ya Mtwara, ya Mombasa. Kwa hiyo chukua namba ya chasisi kwenye kadi ya gari lako, uende kwa wakala rasmi wa gari hilo umuulize kama liko kwenye orodha na kama lilisharekebishwa. Kampuni kubwa za Japani pia zina kurasa za intaneti za kuangalia kwa namba hiyo. Kuuliza hakuna bei.

Ukishajua chanzo na ukakubaliana kutengeneza, tengeneza kwa makubaliano. Omba makadirio ya maandishi, spea na ufundi kila kimoja peke yake, na mkubaliane kwamba likijitokeza jingine unapigiwa simu kwanza. Uliza spea ni mpya ya kiwandani, ni mpya ya kampuni nyingine, au ni ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine. Zote zina mahali pake, kosa ni kulipia hii ukafungiwa ile. Dai spea mbovu uioneshwe na kama utaitaka uichukue. Dai risiti ya EFD. Na dai dhamana ya kazi yenyewe, hata ya miezi mitatu, imeandikwa. Fundi anayejiamini hakatai. Ikilazimu injini ya mtumba, pima kompresheni yake kabla hujalipa, na ukumbuke namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilika, kadi nayo ina safari ya TRA.

Na fedha zitoke wapi? Hapa nasema kama mama anayejua bajeti ya nyumba. Gari lililokwisha dhamana linadai, hata siku ambazo halijaharibika. Tenga elfu nne kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 1,460,000, karibu sawasawa na ile karatasi ya mzee wa Gerezani. Ziweke kwenye kibubu chake, zisiguswe kwa harusi wala kwa sare za kitchen party. Kama elfu nne kwa siku hazipatikani, basi tujiambie ukweli mapema kwamba gari lile ni kubwa kuliko mfuko wetu, tuliuze likiwa bado linatembea, kuliko kuliuza likiwa juu ya mawe.

Na ukifika njia panda ya kutengeneza au kuuza, usihesabu ulizokwishatumia. Zile zimekwenda. Jiulize mambo mawili: matengenezo haya yatanipa miaka mingapi ya kutembea, na fedha hizohizo zingenunua gari la aina gani nisilolijua historia yake? Gari lako unalijua linaumwa nini. La mwenzio utaanza kulisoma upya.

Msikilizaji, mwezi wa nane uliopita tulipanda tena Kitonga, mimi na mdogo wangu, gari lilelile. Chini ya mlima, pale Mahenge, mdogo wangu aliegesha pembeni bila kuambiwa na mtu. Akafungua boneti, akachuchumaa na tochi chini ya wota pampu, akatazama kopo la kulanti. Kisha akaja upande wangu, akafungua droo, akatoa daftari letu, lile la shule lenye kurasa mia. Akaandika akiwa amelilaza juu ya goti lake, mimi nikamsomea kilomita. Malori yalikuwa yanapita yakiunguruma kuelekea mlimani. Alipomaliza akanipa nisome:

"Kilomita 118,240. Kulanti ipo kwenye alama. Chini ya pampu pakavu. Tunapanda."